Siku ya Tatu Kibandani

Mjukuu wangu Munene,

Huku Kanja tuko salama, yaani mimi na ng'ombe, ambaye juzi alizaa ndama mweusi. Tangu nyanya yako azikwe, huyo ndiye ninayemweleza habari za redio.

Umeniuliza kama nililia nilipotahiriwa. Mbele ya kisu, hapana. Wanaume walikuwa wakinitazama. Nililia siku ya tatu, kwenye kibanda cha kuponea. Njeru, mutiri wangu, yule kijana aliyechaguliwa kunitunza hadi nipone, alikuwa ameenda kukata nyasi. Kidonda hakikuuma sana. Ni ule ukimya. Aliporudi akanikuta hivyo, na angeweza kunitangaza kwa rika lote. Aliketi tu, akanichomea ndizi. Alikufa mwaka jana bila kumwambia mtu.

Baba yako anataka hospitali ya huko kwenu. Ni sawa, kuna daktari na ganzi. Sisi kisu kimoja kilitupitia wote. Lakini hata Embu mjini hospitali ipo. Mwambie ufanyiwe hapo, uje uponee kwangu. Chumba ni kitupu na ndizi ziko shambani.

Ukilia, sitamwambia mtu. Nawe ukinikuta nalia, fanya vivyo hivyo.

Guka wako