Usije kwa Ajili ya Kazi

Kasungami, Lubumbashi
Tarehe 9 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Anaclet,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Habari za Kilwa yetu ya ziwani? Goti la mama limepona? Barabara imekauka, ama malori bado yanakwama? Mimi mwili ni mzima, ila baridi imeanza, na nyumba imekuwa kubwa mno tangu binti yangu Chance aolewe.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama naweza kukuingiza kazini kwetu, kwenye mashine ya kusaga mahindi ya Bwana Paluku.

Anaclet, transfo ya umeme ya mtaa iliungua mwezi wa pili. Tulikuwa wafanyakazi saba. Bwana Paluku alileta mota ya mazutu, yaani dizeli, lakini kusaga kukapanda bei, wamama wakapeleka mahindi kwingine. Musonda, fundi wetu, aliondoka kwanza, akafuata migodi. Marie-Thérèse, aliyekuwa akipima unga na kunichekesha kutwa, sasa anauza makala, makaa ya kupikia, kule Kasapa. Siku ya kuniaga alisema, "Yaya, dada yangu, kazi iko. Courant ndiyo haiko." Hata mama aliyekuwa akiuza mikate mlangoni amehama. Nani angenunua kwake?

Redioni wanasema uchumi wa nchi unakua kwa sababu ya shaba. Labda. Nyaya kubwa za kwenda migodini zinapita juu ya paa letu, nazisikia zinavuma. Chini yake wamama wanatwanga kwa mikono. Mimi niliiona nchi ikikua wakati mashine ilipozunguka, nyumba saba zikala, na ya mama wa mikate ikawa ya nane.

Nimebaki peke yangu kulinda mlango. Siku nzima hupita bila mtu kuniita jina.

Nikuambie ukweli. Juzi nilikuandikia kwamba kazi ipo, uje upesi. Nikaipeleka barua hadi kwenye malori ya Kilwa. Dereva akaipokea akicheka: "Mama, ni habari muzuri?" Niliichukua tena, nikaichana njiani. Nilitaka tu mtu wa kula naye bukari, ugali wetu.

Usiuze mtumbwi wako kupata nauli, tafadhali. Transfo mpya imeombwa. Ikifika, nitakuandikia siku hiyohiyo. Lakini ukiweza kuja siku mbili tatu, kunitembelea tu, njoo. Nitafurahi sana.

Nisalimie mama, mkeo Jeanne na shangazi Geneviève. Mungu awalinde ziwani na nchi kavu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukuwaza kila siku,

Constance