Kwako Pingamizi, na Swali Lililobaki Mezani

Mwaka umetimia tangu ututoke, mwanetu, na kiti chako cha mezani hakikaliwi na yeyote ila paka, ambaye hajali heshima ya mawakili.

Tangu utotoni tulikuita Pingamizi. Ukiambiwa ukaoge, ulitaka sababu. Ukipewa sababu, ulitaka shahidi. Ulipovaa joho hatukushangaa. Kilichowashangaza majirani ni upande uliouchagua: mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha mabati, kuwatetea waajiri! Ulikuwa ukiwajibu kwa upole, "Hata tajiri ana haki ya kusikilizwa."

Mwajiri akikupigia simu huku anafoka kwamba fulani aondoke leo hii hii, ulimwambia, "Kwanza kalale, mzee wangu. Tutaongea asubuhi." Hatujui ni wangapi wamebaki kazini kwa sababu ya usingizi huo.

Kabla ya kila kesi ulikuja nyumbani kujipima. Ulimketisha baba yako mbele yako.

"Baba, leo umefukuzwa kazi. Jitetee."

"Nimekosa nini?"

"Utajua ukishajitetea."

Mama yako akipita na sahani alisema, "Nyumba hii ina mahakama, haina chumvi. Nani anakwenda dukani?"

Baba yako aliupenda mchezo huo. Alisoma shule ya jioni akiwa mtu mzima, na kuulizwa jambo na wakili kulimvimbisha kichwa. Ndiyo maana siku moja alikusimulia, huku akicheka, jinsi kiwandani walivyokuwa wakiifunga kamba kinga ya mashine ya kukatia bati, ile inayoizima mkono ukikaribia kisu, ili mashine isisimame-simame. Msimamizi ndiye aliyekuwa akihimiza kasi. Akifika karibu na ile kamba, anageuka kutazama dirishani.

Hukumwambia kwamba mkononi ulikuwa na kesi ya fundi aliyekatwa vidole na mashine kama hiyo.

Siku ya kesi baba yako alipiga pasi suti yake, akaketi benchi la nyuma kukusikiliza. Akakusikia ukimuuliza fundi, "Kamba ile aliifunga nani?"

"Mimi, mheshimiwa, lakini..."

"Inatosha. Asante."

Nusu ya hadithi ya baba yako ikaingia mahakamani. Ile nusu ya dirishani ilibaki mezani kwetu, na fundi akakosa fidia.

Mtu aliyeketi karibu na baba yako akamnong'oneza, "Wakili huyu ni wembe! Mtoto wa nani?"

Baba yako, aliyeipiga pasi suti ile ili aulizwe swali hilo hilo, akajibu, "Simjui." Akatoka bila kukupa mkono.

Tangu siku hiyo, ukimwita mezani alisema kichwa kinamuuma. Nawe, mwana mwema, ulimletea dawa ya kichwa.

Ulipolazwa hospitalini ndipo ulipomshika mkono. "Baba, leo tubadilishane. Mimi ndiye yule fundi. Niulize."

"Pumzika, mwanangu."

"Niulize ile nusu niliyoiacha."

Hakuweza. Mzee mzima aliona haya mbele ya mtoto wake: haya ya ile kamba, ambayo yeye mwenyewe aliwahi kuifunga na hakusimama kulisema hilo, na haya ya neno lile la benchini, ambalo hakuna aliyemlazimisha kulitamka. Alidhani atauliza kesho. Kesho haikukukuta.

Basi leo, mbele ya wote wanaosoma hapa, anauliza: Fundi, ni nani aliyekuwa akihimiza kasi? Na wewe msimamizi, ulikuwa ukitazama nini dirishani? Tunajua wewe, Pingamizi, ungeketi kimya na kumwacha shahidi amalize. Ndicho ulichokuwa ukikitaka pale kitandani, na baba yako amechelewa kukielewa.

Unakumbukwa na mama yako, ambaye siku hizi chumvi anaifuata mwenyewe, na mkeo, na dada yako, anayebishana kwa sauti yako, na mapacha wako, ambao wakiambiwa wakaoge, wanataka sababu. Unakumbukwa na baba yako, ambaye kwa yule bwana wa benchini, popote alipo, ana jibu jingine: ni mtoto wangu.

Siku zote za maisha yetu, tutakukumbuka.