Betri Sita Juani Nainokanoka

Mama Neema wangu,

Huku Nainokanoka baridi inauma kuliko ulivyonionya, ila mimi mzima. Ile mashine ya kunusa chuma, niliyokuja nayo kutafuta bomba la maji lililofukiwa, ilianza kulia yenyewe uwanja wa ndege. Mkaguzi akaruka nyuma: "Mzee, toa betri zote, ubebe mkononi!" Nikapanda ndege na betri sita mpya ndani ya soksi, nimezipakata kama mayai.

Asubuhi nakuta mama mwenyeji wangu ameshazianika juani kwenye ngozi ya ng'ombe, pamoja na betri mfu kumi na moja za redio ya jirani. "Nimekuongezea nguvu, baba." Kumi na saba, zote sura moja! Ng'ombe wanalilia maji, mimi nimechuchumaa napima moja moja kwa balbu ya tochi.

Nilipozipata sita nikawasha mashine palepale kwenye ngozi. Ikapiga kelele; tukaondoa ngozi na betri zilizobaki, bado inalia. Tukachimba: bomba!

"Umeona kazi ya jua?" akasema mama, na sasa anasifiwa yeye.

Nimekukumbuka, na uji wako pia. Betri za redio yangu usizianike.

Baba Neema