Chakula cha Mayu Nkwimba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Najua huko Tukuyu mvua haijakupa nafasi hata ya kuanika maharage. Mimi mwili mzima, ila moyo, Mama, acha tu. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu nitalia.

Tangu kanisa linilete huku Sola kuwa mwinjilisti, mahubiri yangu anayatafsiri Masanja, mwalimu wa kwaya. Wazee wa hapa ni Kisukuma kitupu. Mimi nimejifunza kusalimia na kushukuru, basi. Ni uvivu wangu. Nilijidanganya kwamba Roho Mtakatifu hahitaji mkalimani. Haya, yamenikuta.

Alhamisi moja tulisali nyumbani kwa Mayu Nkwimba, mjane anayefagia kanisa letu. Mayu huku ndiyo mama. Masanja alikuwa amekwenda Lamadi kununua dagaa, vijana wote wako shambani wanachuma pamba, nikabaki na wazee. Tulipomaliza, Mayu akapiga magoti, akaninawisha, akaleta ugali na kuku mzima. Nami nilikuwa nimefunga, kama kila Alhamisi. Nikaweka mkono kifuani, nikatikisa kichwa, nikasogeza sahani huku natabasamu kama mjinga. Wazee wakatazamana. Mmoja akainuka, mwingine akafuata. Kuku wa watu akabaki hajaguswa.

Masanja aliporudi alinivuta pembeni. "Mwinjilisti, umemmaliza yule mama. Tangu mtoto wa jirani afariki, watu wanamsema chini chini. Leo mtu wa Mungu anakataa chakula chake! Wanasema umeona kitu."

 Jumapili nikasimama nikaeleza habari ya kufunga, Masanja akatafsiri yote. Wakaitikia amina. Baada ya ibada mzee wa kanisa akanishika mkono kunipongeza, Masanja akatafsiri: eti nimefanya vyema kumsitiri, mtumishi mwema hamwaibishi mchawi hadharani. Jamani! Kumbe kumtetea ndiko kumzika.

Sasa hakuna anayekaa naye benchi moja. Mwanawe anataka kumhamishia Binza, anaogopa watu wasije wakamdhuru. Nilimwomba Masanja twende tukamwone, mkewe akamkataza kukanyaga pale. Basi jana nikaenda peke yangu, sijala tangu asubuhi, nikamwonyesha kwa mkono kwamba nataka chakula.  Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji tu, akapiga magoti. Kabla ya kunipa akanywa nusu mbele yangu, kisha akafungua kinywa nione kwamba amemeza. Hajawahi kunifanyia hivyo, Mama. Nikanywa. Nikasema wabeja, ndiyo asante yao, nikaondoka. Neno la kuomba msamaha silijui.

Nimekata tamaa, nisikufiche. Nimelijenga kundi hili kwa mdomo wa mtu mwingine, nikalibomoa kwa mkono wangu.

Msalimie mdogo wangu Gwakisa, na asiache kukukatia ng'ombe majani. Msalimie na shangazi Atu, mwambie kitenge chake nimekipata. Mchungaji wetu akiuliza kazi inaendaje, usimwambie inaendelea vizuri. Na mkikutana kwenye maombi ya akina mama msitaje jina langu. Mtajeni Nkwimba, kwa Kinyakyusa chenu hicho hicho, kwa sababu huku hakuna tena anayemwombea kwa Kisukuma.

Mimi mwanao,
Lusajo