Maziwa ya Mtoto Ambaye Hajafika

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Mazwi ni baridi tu, na tangu babu yako atutoke nyumba imekuwa kubwa.

Umeniuliza nilingojaje kibali cha kumwasili mama yako, tumchukue awe mtoto wetu. Madukani maziwa ya kopo yalikuwa yamerudi baada ya miaka ya uhaba, ila sikuwa na wa kumnunulia. Kungoja kulipozidi, hata kusali niliacha. Ndipo jirani yetu Msukuma, Mama Kulwa, akaanza kuniletea maziwa kila asubuhi.

"Mtoto mwenyewe hayupo," nikamwambia.

"Chemsha tu, nyumba izoee."

Nikawa nachemsha, na palepale jikoni nikaanza tena kusali. Mama yako alipofika, aliyakuta ya moto.

Mama Kulwa alishahama na ng'ombe wake. Mimi bado nachemsha, nyumba isije ikasahau.

Bibi yako