Jino la Mpiga Tarumbeta

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Sisi wazima, isipokuwa jino langu la mbele, lile lililotibiwa mzizi mwaka juzi. Usaha umerudi, ufizi umevimba. Daktari wa meno anataka kuling'oa. Nikamwambia, midomo yangu inaegemea jino hilo, ukiling'oa tarumbeta nitaipulizaje? Nikikosa bendi mimi nitakuwa nani? Basi ile dawa mnayotengeneza maabara, nitumie hata kidogo, daktari anitilie. Mama yako anakusalimu, anasema siku hizi tarumbeta yangu inalia kama mbuzi.

Baba yako, mgonjwa

19 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Pole sana jamani. Dawa yenyewe ni chembe za madini ya fedha, ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya kawaida haizioni. Tunazikoroga ziwe nzito, tunazitia ndani ya mzizi, ziwafuate bakteria kwenye vijinjia ambako dawa nyingine hazifiki. Lakini mpaka leo tumezijaribu kwenye meno yaliyokwisha kung'olewa tu. Kwa mtu aliye hai hatujui. Huenda zikadhuru mfupa. Siwezi kukufanya wewe wa kwanza, Baba. Siwezi kabisa. Mwombe daktari asafishe mzizi upya, atie dawa yao ya kawaida. Usinikasirikie.

Bintiyo

20 Mei

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya pili bila jibu. Nikimuuliza Mama kwenye simu, anasema "yupo", halafu anageuza mazungumzo. Umeninunia? Nigombeze basi, lakini andika. Jino vipi?

Bintiyo

8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nilinuna, sikufichi. Nilisema, nimemsomesha mwenyewe, leo ananinyima dawa! Daktari alisafisha upya kama ulivyosema, usaha ukarudi vilevile. Wakaling'oa. Nimewekewa la bandia, nikipuliza sauti ya juu linataka kutoka nayo. Bendi wamenipa ngoma kubwa. Nililia, mama yako shahidi.

Jino lenyewe daktari alikuwa analitupa, nikasema lete hapa. Limo kwenye kichupa, jirani anayesafiri kesho atakuletea. Wadudu wangu wakaidi hao. Wakifa, ujue mmepata dawa kweli. Ila wenzako wasilicheke, kahawa imeliharibu rangi.

Baba yako, mpiga ngoma

2 Agosti

Baba yangu,

Shikamoo. Nililipokea, nikajifungia chooni nikalia kwanza. Kisha tukalitia dawa, tukalikata, tukalitazama. Wamekufa, Baba. Wote, hata wale wa kwenye vijinjia. Wenzangu walishangilia, mimi nikatoka nje. Nilitaka kukuficha, nimeshindwa. Jino limegeuka jeusi tii kwa ile fedha. Labda ningeliokoa, labda ningekuumiza zaidi. Sijui, na hilo ndilo linaloniuma. Nisamehe.

Bintiyo

17 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Nikusamehe nini? Ungenitilia nikadhurika, ungeiacha kazi hiyo, nakujua. Barua yako nimewasomea bendi nzima, nikawaambia huyo ni wangu. Futa machozi, urudi ndani. Yule aliyeshika tarumbeta badala yangu, jana kwenye mazoezi nimemwona anapuliza huku ameshika shavu. Nimemuuliza, anasema si kitu. Fanyeni haraka.

Baba yako