Mzungu Aliyepiga Yowe Handeni

Manundu, Korogwe,
2 Septemba 1951.

Mpendwa kaka Eliasi,

Shikamoo kaka. Hujambo huko Mombasa? Shemeji Paulina hajambo? Wale pacha wameota meno, au bado wanauma kwa fizi? Huku mama mzima, mguu wake umepoa, anakwenda kisimani mwenyewe na kugombana na watu huko kama zamani. Mimi pia mzima, ukiacha sikio lililoshonwa, meno mawili yaliyobaki Handeni, na mgongo ambao siwezi kuulalia. Hapa usimsomee shemeji kwa sauti, ataangusha sufuria.

Mzigo wako ulifika na treni salama. Zile albamu mbili zilinishangaza, sikujua sahani za gramafoni nazo hutiwa kwenye kitabu chenye mifuko, kila moja na kitanda chake. Nililala na Bernardo, mwenzangu wa kuuza nguo, chumba kimoja kambini na hatukupata kila mtu kitanda chake.

Ulitaka kujua watu wameupokeaje muziki wa Wazungu wa bara ya Marekani, hao wachunga ng'ombe wenye makofia. Mimi nilidhani mchunga ng'ombe ni mchunga ng'ombe, wataimba namna moja. Kumbe kila mmoja na njia yake! Yuko wa fidla, inalia kama mjane aliyenyang'anywa shamba. Yuko ambaye gita lake halipigwi, linateleza. Bibi mmoja kambi ya mkonge Mazinde akasema huyo ni paka anaburutwa mkia juu ya bati. Yuko anayeiga treni kwa kinanda cha mdomo, vibarua wote wakageuka kutazama relini. Wako wanaoimba kwa pamoja, kama kwaya ya misheni iliyoonja pombe kidogo. Ile albamu ya picha ya farasi ndiyo mpya zaidi, ina kasi, na imeniuzia nguo zangu kuukuu, hizi kafa ulaya, kuliko mdomo wangu. Mtu anacheza, shati linampasukia kwapani, na mimi nimesimama pale pale na shati jingine.

Lakini sahani ya mwisho ya albamu hiyo, kaka, nusura iniue, na nusura initoe kwa Grasiana.

Huyo Mzungu anaanza taratibu kama mtu mwenye adabu. Katikati sauti inamkatika, inarukia juu: yodilei-hiii! yodilei-huuu! Korogwe watu walicheka mpaka wakakaa chini. Nikasema hii ndiyo ya kupeleka ukweni.

Unajua nimemposa Grasiana huko Handeni, binti wa mzee Mdoe. Jumamosi moja nilikwenda kuchukua jibu. Nikaifunga gramafoni kwenye baiskeli, nikafika mchana, nikaiweka juu ya kichuguu uani, tarumbeta likatazama bondeni. Walikuwepo mzee, mkewe, Grasiana, kaka yake Semboja, na wageni wawili Wamasai, baba na mwanawe, marafiki wa mzee wa miaka mingi. Walikuwa wamemletea mtamba wa ng'ombe.

Ila wiki iliyotangulia wezi wa ng'ombe walikuwa wamepita huko, wakamwua mlinzi wa zizi. Na sheria ya watu wa kule ni moja: ukisikia yowe, unalipokea kwa koo lako, unashika silaha, unakimbia. Kuuliza utauliza ukifika. Mimi hilo nililijua. Nililisahau tu kwa utamu wa posa.

Nikazungusha hendeli mpaka mwisho. Mzungu akaimba, akapanda: yodilei-hiii! Ng'ambo ya bonde yuko mama mmoja, Zamda, alikuwa anatwanga. Akasikia yowe linatoka kwa mzee Mdoe. Akaacha mchi, akalipokea. Kaka, huyo mama koo lake si la kawaida. Likapokelewa tena kilima cha pili, na cha tatu. Sisi uani tunacheka, narudisha sindano mwanzo tena na tena, tunadhani bonde linaitikia wimbo.

Walitokea kwenye mahindi bila neno. Mapanga, marungu, mikuki, mmoja ameshika mchi. Wakaona Wamasai wawili na mtamba. Walitaka ushahidi gani tena?

Mzee yule wa Kimasai alikuwa bado anatabasamu panga lilipomshukia mkononi. Niliuona mfupa kabla ya damu, mweupe kama ndani ya muhogo. Mwanawe akachomoa sime, akawakata watu kama anafyeka njia: huyu bega, yule paja, mwingine shavu likafunguka meno yote yakaonekana na mdomo umefungwa. Kibuyu cha maziwa kikapasuka, maziwa na damu vikawa tope moja, watu wakawa wanateleza na kukatana humo humo chini. Na juu ya kichuguu Mzungu hana habari. Yodilei-huuu! Kila akipanda, wengine wanatokea kwenye mahindi. Anawaita, kaka! Anawaita!

Semboja akaruka mbele ya wageni, mikono ameitanua. "Wageni wa baba hawa! Nyie wehu, ni wageni!"

"Toka, Semboja!" Hiyo sauti ya Rehani, binamu yake, wametahiriwa pamoja. Rungu lilikuwa limeshatoka mkononi. Lilimpata Semboja juu ya sikio. Mlio wake siusemi.

Mimi nikatambaa kwenda kuuondoa mkono wa sindano. Mtu akanikanyaga kinywani, ndiyo hayo meno. Mwingine akanipiga bapa la panga mgongoni, akarudia kwa makali, likachukua kipande cha sikio. Nikaufikia. Mzungu akanyamaza. Hapo ndipo wote tukasikia kwamba bado kuna anayelia, na hakuwa kwenye sahani. Alikuwa mama yake Semboja.

Tuliwalaza Semboja na mzee wa Kimasai kwenye lori la mahindi mpaka hospitali hapa Korogwe. Njia nzima Grasiana ameshika kichwa cha kaka yake kwa mikono miwili, kama akiachia kitamwagika. Nilitia mzaha mmoja, nimezoea. Akaniambia, "Yordani, akifa huyu, usinijue."

Jumbe akaita baraza. "Nani alipiga yowe?" Zamda akasema, "Mimi nililipokea tu." Vidole vyote vikanigeukia. Nikasema ni Mzungu wa kwenye sahani.

"Aletwe."

"Yuko Marekani, jumbe."

"Sauti yake ifanye fujo Handeni, makalio yake yakae Marekani?"

Wa yowe la uongo huchapwa. Basi nilichapwa kwa niaba ya Marekani, na sahani ikavunjwa mbele ya watu. Rehani hakuchapwa na mtu. Alikaa nje ya hospitali anajipiga ngumi kichwani mpaka askari wakamfunga mikono kwa shuka.

Semboja alilala kama gogo, tukawa tunamtia uji kwa kijiko. Alipofumbua macho aliuliza wageni wako wapi. Mzee wa Kimasai alikuwa kitanda cha pili, mkono umekatwa kiwikoni, akamwitikia mwenyewe. Walilia wote wawili.

Sikio moja la Semboja limekufa, na akisimama anayumba. Mzee Mdoe akaniita mbele ya Semboja, akamwuliza mwanawe, "Kichwa ni chako, mwanangu. Sema wewe. Huyu aoe, asioe?"

Semboja alinitazama, kaka, mpaka nikaanza kuaga moyoni. Akasema, "Aoe. Shamba langu mwaka huu atalima nani? Na yowe likilia, atakimbia yeye mahali pangu, mbele ya wote."

Nimekubali. Baiskeli nimemwachia Bernardo. Nahamia Handeni. Nakuomba uje baada ya mavuno usimame mahali pa baba harusini, na umletee mama mkwe blanketi, zito.

Grasiana alikuwa hacheki. Tangu siku ile nimemrushia mizaha yangu yote, hata ile ya padre na nguruwe, uso ni ukuta. Juzi nilikuwa Handeni shambani kwa Semboja, nimeshika jembe kwa mikono ya mwuza nguo, udongo wote unaniingia kwenye kaptula. Nikasikia nyuma yangu mtu anacheka, anajizuia, anashindwa. Sikugeuka. Niliendelea kulima vibaya makusudi mpaka jua likazama.

Nisalimie shemeji Paulina na pacha wake, na Isaka wa bandarini. Mama, Stefania na Bernardo wanakusalimu mno. Mungu akulinde barabarani na baharini, na akulishe kwa jasho lako mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,
Yordani.